Pengo Kati ya Basi na Basi: Niliyoyaona Nikipanga Ratiba ya Barabara ya Jinja

Mtu akisikia kazi yangu huniuliza: mabasi mangapi yanatosha? Wenye mabasi huuliza hivyo, abiria huuliza hivyo, na mimi mwenyewe nilipoajiriwa kupanga ratiba za kampuni moja ya kosta, yaani mabasi madogo, zinazokwenda mji wa Mukono kutoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Jinja nilidhani hilo ndilo swali. Siku hizi nauliza kwanza: hayo uliyo nayo yanaachana kwa dakika ngapi, na je, yanaachana hivyo barabarani au kwenye karatasi tu?

Naandika kwa ajili ya yeyote atakayetupiwa kazi hii bila kufundishwa, kama nilivyotupiwa mimi. Nilichukuliwa kwa sababu nilijua hesabu na nilijua Kiswahili. Hilo la pili lisidharauliwe. Nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya, ambako watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kisamia tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili, na madereva wetu wengi walikuwa wazee waliotoka jeshini. Kwa abiria Kiganda kinatosha. Kwa dereva aliyeendesha lori la jeshi nusu ya maisha yake, ambaye leo unamwambia angoje dakika nne na gari limeshajaa, Kiswahili cha kambini hufika haraka zaidi.

Asiyeijua Kampala aelewe kwanza mazingira. Hatuna njia za mabasi peke yake kama zile za mwendokasi wa Dar es Salaam. Kosta, lori la mizigo, taksi na boda wote wanagombea lami ileile. Watu wengi husafiri kwa taksi za abiria 14, na kanuni ya paki, yaani stendi ya taksi, ni moja: gari halitoki mpaka lijae. Ukipandia paki unangoja ndani ya gari, umekaa, jasho likikutoka, huku mchuuzi akikuuzia soksi dirishani. Ukipandia njiani unangoja umesimama, magari yakikupita yamejaa. Jioni mtu wa soko la Nakawa anaweza kuona taksi za Mukono zikimpita moja baada ya nyingine, hakuna hata inayopunguza mwendo. Huyo ndiye abiria ambaye basi la ratiba linaweza kumpata. Basi likiondoka mjini na viti vitupu, viti hivyo si hasara, ni vya watu wa Nakawa, Kyambogo na Banda. Ilinichukua muda mrefu kumwingiza bosi jambo hili kichwani, na hata leo kuna siku analisahau.

Ratiba niliyoirithi ilikuwa karatasi moja ukutani, imefunikwa kwa nailoni isichafuke. Basi kila dakika 12, tangu alfajiri hadi usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Safari ilikuwa imewekewa dakika 60 kwenda na 60 kurudi, iwe saa sita mchana au saa moja jioni. Ilikuwa nadhifu, na hapakuwa na dereva hata mmoja aliyeifuata.

Kabla ya kugusa kalamu nilipanda mabasi, na ndivyo ningemshauri kila anayeanza. Panda alfajiri, panda mchana, panda Ijumaa jioni, panda Jumapili, panda siku ya mvua. Kisha niliwaomba makonda waniandikie saa katika vituo vilevile kila safari: kutoka mjini, Nakawa, Kireka, Bweyogerere, Seeta, Mukono. Wengine walikataa, wakidhani ni ujasusi wa ofisi. Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa Busia. Alikuwa na daftari dogo la madeni ya dukani, kalamu ameifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati isije ikaanguka akining'inia mlangoni. Aliandika saa na dakika, na pembeni neno moja tu: "askari", "mvua", "lori limelala", "chenji". Hilo la mwisho sikulielewa. Akanieleza kwamba abiria wa Kireka anaposhuka na noti ya 20,000, basi zima husimama mpaka konda apate pa kuivunja, mara nyingine kwa muuza muda wa maongezi ng'ambo ya barabara. Tangu hapo kila konda hupewa alfajiri kifurushi cha noti ndogo na sarafu. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililotupunguzia muda wa kusimama vituoni kuliko lolote nililolichora kwenye kompyuta.

Madaftari yalionyesha pia kwamba muda haupotei sawasawa njia nzima. Jumapili asubuhi safari haifiki saa moja; Ijumaa jioni kwenda Mukono hupita saa mbili. Sehemu kubwa inaliwa kwenye makutano, ambako askari wa trafiki huziacha taa zikiwaka zinavyotaka na kuongoza magari kwa mkono. Huzuia upande mmoja kwa muda mrefu, kisha huuachia wote kwa mpigo. Kosta zilizotoka mjini zikiachana vizuri zinatoka pale zikifuatana kama msafara wa harusi.

Na zikishafuatana haziachani zenyewe. Wanahisabati wawili, Gordon Newell na Renfrey Potts, walilieleza jambo hili tangu mwaka 1964: basi lililochelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi kituoni, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, la nyuma yake hukuta kituo kimefagiwa, likapata mwendo, likalifikia la mbele. Hapo hakuna dereva mvivu wala dereva kichaa. Nilipoyajua haya niliacha kuwaandikia madereva barua za onyo, barua ambazo ofisi ilikuwa ikizitoa kila wiki bila kubadilisha chochote.

Hapa naomba uvumilivu wa hesabu kidogo, maana ndiyo iliyowageuza watu ofisini. Mabasi yakiachana kwa dakika 10 sawasawa, abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa atangoja wastani wa dakika 5. Chukua mabasi hayohayo, 6 kwa saa, lakini yaje mawili mawili: pengo la dakika 20, kisha sifuri, kisha 20 tena. Kwenye ripoti bado ni mabasi 6 kwa saa. Kituoni abiria sasa anangoja wastani wa dakika 10, na basi analolipata limejaa mpaka mlangoni wakati la pili linapitisha hewa. Hata mapengo yakiyumba kiasi tu, dakika 5 kisha 15, wastani wa kungoja hupanda hadi dakika 6 na robo, kwa sababu robo tatu ya watu hufika ndani ya lile pengo refu. Meneja anaona wastani wa mabasi. Abiria anaishi ndani ya pengo.

Ugomvi mkubwa ulihusu muda wa kupumua, yaani zile dakika ambazo basi hukaa mwisho wa njia kabla ya kugeuza. Tuseme jioni ya katikati ya wiki kwenda ni dakika 80 na kurudi 60. Weka dakika 10 za kupumua kila mwisho, mzunguko mzima ni dakika 160. Ukitaka basi kila dakika 10, unahitaji mabasi 16. Sisi tulikuwa na 12 yanayotembea. Meneja wa shughuli alitaka tufute kupumua kabisa: 140 ukigawa kwa 12 ni karibu dakika 12, basi mabango yabaki vilevile, "kila dakika 12". Mimi nilitaka tutangaze 14. Mabasi 12 mara dakika 14 ni 168, kwa hiyo kila basi lingekuwa na dakika 28 za akiba katika mzunguko.

"Yaani unataka magari yangu yalale Mukono?" aliniuliza mbele ya makonda.

Dakika hizo hazikuwa za kulala, ingawa dereva naye ana kibofu na tumbo. Ni za kumeza uchelewaji. Safari ikizidi kwa robo saa, mapumziko yanaibeba, na safari inayofuata inaanza kwa wakati wake. Pasipo mapumziko, foleni ya saa kumi na moja jioni utaikuta bado ndani ya basi la saa nne usiku, wakati barabara imeshafunguka. Jambo jingine nililojifunza ni kutopanga kwa wastani. Ukichukua muda wa wastani wa safari, karibu nusu ya safari zako zitauzidi. Siku hizi napanga safari kumi za saa ileile kutoka fupi hadi ndefu, nachukua ya nane au ya tisa kwa ajili ya mzunguko. Kwa vituo vya katikati nachukua muda mfupi zaidi, kwa sababu ukivipa muda mwingi, basi litalazimika kutambaa barabarani tupu likingojea saa yake, na hakuna kinachomkera abiria kama hicho.

Ya meneja yalishinda kwanza. Mabango yakachapishwa upya, na fulana za kampuni zenye maneno hayohayo mgongoni. Jioni moja nilisimama Kireka na fulana yangu, pengo limeshafika nusu saa na ushei, watu wamejaa hadi ukingo wa lami, boda wakiwapigia honi wasogee. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi mbivu alinizunguka, akasoma mgongo wangu polepole kwa sauti, akacheka. Mara zikatokea kosta zetu tatu zikifuatana. Ya kwanza haikuwa na pa kuweka mguu. Tangu siku hiyo nilipanda mabasi yetu nikiwa na shati langu mwenyewe.

Nilirudi gerejini nikaandika ubaoni kwa chaki mistari miwili. Dakika 14 sawasawa: abiria angoja 7. Dakika 12 zinazokuja mbili mbili: abiria angoja 12. Sikuandika kingine. Ule ubao haukufutwa kwa muda mrefu, na meneja, ambaye si mtu mbaya, mwishowe alikubali tujaribu 14 jioni peke yake. Asubuhi na mchana zilifuata baadaye.

Lakini ratiba haitembei kama mfuko wa dereva unaivuta upande wa pili. Madereva wetu walikuwa wakifanya kazi kwa tageti: lete kiasi fulani kwa mwenye gari, kinachozidi ni chako. Mtu wa tageti ana kila sababu ya kukaa mjini mpaka ajae, kisha akimbize gari ampite mwenzake awahi abiria wa Banda. Tulihamia kwenye mshahara wa mwezi na nyongeza ndogo kwa anayeondoka ndani ya dakika mbili za pengo lake. Nisiwafiche: iliuma. Mapato ya mwanzo yalishuka, madereva kadhaa walirudi kwenye taksi, na baadhi ya makonda, kwa vile hapakuwa na tageti tena, wakaanza kukunja nauli soksini. Tulikuja kuweka tiketi za karatasi zenye namba na mkaguzi wa kupanda bila taarifa baada ya hasara kuonekana. Anayefikiria kufuata njia hii aanze na tiketi, mshahara ufuate.

Mzee mmoja dereva, mpole lakini mgumu, ndiye aliyenifundisha kwamba maneno ya mdomo hayatoshi. Nilimkuta mjini ameegesha, viti vitano vitupu, dakika zake zimepita.

"Mzee, saa yako imepita."

"Binti, jeshini nikiambiwa ondoka saa kumi, naondoka saa kumi, hata kama niko peke yangu ndani ya lori. Hapa kila siku naulizwa umeleta pesa ngapi. Mnataka niondoke au mnataka nijaze?"

"Tunataka uondoke, mzee."

"Basi niandikieni."

Tulimwandikia. Barua fupi yenye muhuri: dereva atakayeondoka kwa wakati hataulizwa juu ya viti vitupu. Akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni nyuma ya kile kibao cha kukinga jua, na wenzake wote wakaitaka ya kwao. Kama ningeanza upya, barua hiyo ingetangulia ratiba.

Kushikilia basi ili pengo lirudi sawa nako kuna mahali pake. Tulianza kwa kushikilia Nakawa jioni, mabasi yakiwa yamejaa, na kelele za "Tugende!", yaani twende, zilisikika ng'ambo ya pili ya barabara, abiria wengine walishuka na kudai nauli. Haikufaa. Basi lishikiliwe palipo na watu wachache ndani: mwanzo wa njia, au baada ya kituo ambako wengi wameshuka. Bweyogerere inatufaa zaidi jioni. Na lisizidi dakika mbili au tatu, konda aseme kwa sauti ni kwa nini. Watu wa Kampala wana subira kubwa mno na foleni. Wasichokivumilia ni kukaa kimya bila kujua. Pengo likishakuwa kubwa kupita kiasi, ni bora kugeuza basi moja Seeta kabla halijafika Mukono, lirudi kuziba. Wale wachache waliobaki ndani wahamishiwe kwenye basi linalofuata nyuma yake, wasitozwe tena, na waambiwe kabla, si wakiwa wameshafika.

Mawasiliano yote hupita kwa konda. Dereva asiguswe na simu. Mvua ikinyesha na maji ya mfereji wa Nakivubo yakikaribia kufurika upande wa Clock Tower, najua kosta zinazotoka mjini zitachelewa, na ujumbe mmoja kwa makonda wote kwamba leo tunaachana kwa dakika 20 unafaa kuliko kujifanya 14 bado ipo.

Basi la kwanza na la mwisho ni habari nyingine kabisa. Pale saa inatawala, pengo halina kazi. Wafanyakazi wa viwanda vya Namanve wa zamu ya asubuhi wanatoka nyumbani gizani, na wanatembea hadi kituoni kwa kuhesabu basi fulani la saa fulani. Likikosekana mara moja, umewapoteza. Watarudi kwa boda na hawatakujaribu tena kwa miezi. Mahali hapa Kampala ina kumbukumbu: watu wanakumbuka mabasi makubwa ya Pioneer yalivyoanza kwa shangwe mwaka 2012 na jinsi baadaye walivyobaki wakiyangoja. Kwa hiyo kwa alfajiri ninaweka dereva wa akiba na kosta ya akiba, hata mchana nikikosa vyote viwili. Mabasi ya usiku tuliyaandikia saa kamili kituoni, kwa sababu pengo likiwa refu watu hawaji ovyo, wanakuja kwa saa.

Kuna siku ratiba uiweke kando. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanaokwenda Namugongo hufurika Kireka, wengi kwa miguu, wengine wametembea tangu Kenya na Tanzania; hapo tunaendesha njia mbili fupi, mjini hadi Banda na Bweyogerere hadi Mukono, na katikati watu wanatembea kama wengine wote. Siku ya mechi kubwa katika uwanja wa Namboole ni karibu vilevile. Wiki ya kufungua shule watoto huja na magodoro na masanduku, mtoto mmoja ana mzigo wa viti viwili, na kupakia kunachukua muda kuliko kuendesha. Ratiba ya wiki hiyo naiandika peke yake, kwa mapengo mapana, na sioni haya.

Sasa mwenye kampuni ametaja kununua kosta mbili zaidi. Nimemwandikia nikimwomba anunue moja, na fedha za nyingine ziwalipe watu wawili wa kusimama Bweyogerere na Mukono wenye saa, simu na mamlaka ya kumwambia dereva angoje. Meneja amesaini barua hiyo pamoja nami. Jibu alilotoa mwenye kampuni ni kwamba ataamua baada ya shule kufunguliwa, na hilo linanitia wasiwasi, kwa kuwa wiki hiyo kila basi atakaloliona litakuwa limejaa magodoro hadi dirishani.